Vichwa Thelathini na Kimoja

Mwalimu Lornah alikuwa amefundisha bayolojia kwa miaka kumi na mmoja katika shule ya kutwa nje kidogo ya Katito, na kwa miaka sita kati ya hiyo yeye ndiye aliyewashauri wanafunzi kuhusu vyuo. Hakulipwa chochote cha ziada. Aliifanya kazi hiyo kwa sababu yeye mwenyewe, alipomaliza kidato cha nne, alijaziwa fomu na karani ambaye hakujua tofauti kati ya ualimu na udaktari wa mifugo, na hivyo ndivyo alivyojikuta akishika chaki badala ya sindano ya ng'ombe.

Basi Jumatatu ya juma la mwisho la kuomba nafasi za vyuo, waliomaliza mwaka uliopita walirudi shuleni kama alivyowaita. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine nane, tatu tu zikiwa hai. Wa kwanza kuketi alikuwa Ajwang, binti wa mama muuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Katito, aliyepata gredi ya C na ambaye tangu kidato cha pili hakuwa na neno jingine mdomoni ila uuguzi. Alikuwa ameandika kila kitu kwenye daftari: namba ya kozi, chuo cha serikali anachotaka, karo ya muhula, hata bei ya viatu vyeupe.

Akaingiza namba yake ya mtihani na paswadi, ambayo kwa kila mwombaji mpya ni namba ya cheti chake cha kuzaliwa. Mtandao ukamkataa. Akajaribu tena, kidole kimoja kimoja. Ukamkataa.

"Labda umekosea tarakimu," Lornah akamwambia.

"Madam, hii namba naijua kuliko jina langu."

Kwenye mashine ya pili, kijana mmoja mrefu aitwaye Okinyi alifanikiwa kuingia. Akainua mkono kana kwamba bado yuko darasani.

"Madam, hapa kuna kitu kimeshajazwa."

Lornah akainama kutazama. Nafasi zote nne za kuchagua zilikuwa zimejazwa, na zote zilikuwa za chuo kimoja cha binafsi mjini Kisumu, Chuo cha Nyota ya Nam. Diploma ya maendeleo ya jamii, diploma ya biashara, cheti cha hiki, cheti cha kile. Chini yake palikuwa na namba ya simu ya mwombaji, na haikuwa ya Okinyi. Alipojaribu kubadili, mtandao ukasema umetuma tarakimu sita za uthibitisho kwa namba hiyo ya simu, yenye kuishia na 418.

"Wewe uliomba chuo hiki?"

"Mimi sijakiomba. Nilikisikia kwako tu, madam."

Kufikia adhuhuri walikuwa wamejua idadi. Watoto thelathini na mmoja walikuwa wameombewa chuo wasichokichagua na mtu wasiyemjua, baadhi, kama Ajwang, hata paswadi zimeshabadilishwa, na milango yao wote imefungwa kwa ufunguo ulioko mfukoni mwa mtu huyo. Lornah akatoa simu yake, akatafuta namba inayoishia na 418. Alikuwa nayo. Aliihifadhi kwa jina la Griffins Samaki.

Akaigeuza simu kifudifudi mezani.

Griffins alikuwa ofisa wa kuwatafutia Nyota ya Nam wanafunzi, kijana wa suti iliyombana na manukato yanayotangulia kuingia chumbani. Mwezi Februari aliwaalika walimu washauri wa shule kumi na mbili kwenye semina pale Dunga, kwenye ufuo wa ziwa. Semina yenyewe ilichukua dakika ishirini. Iliyobaki ilikuwa samaki wazima aina ya ngege wa kukaanga, ugali wa moto na soda zisizo na hesabu. Lornah alikumbuka jinsi Griffins alivyonyonya kichwa cha samaki, mchuzi ukimteremka kidevuni, huku akisema kwamba mtoto wa mkulima naye ana haki ya elimu ya juu. Walipoondoka kila mwalimu alipewa mwavuli, thamosi, na bahasha ya nauli yenye elfu tatu, ilhali nauli ya kwenda na kurudi Katito haifiki hata mia tano.

Wakiwa bado mezani Griffins alikuwa amemwomba orodha ya majina na namba za mtihani. "Nataka tu kuwatumia ujumbe wa pongezi, madam." Lornah akampa. Hakujiuliza ujumbe wa pongezi unahitaji namba ya mtihani kwa kazi gani. Au alijiuliza, akalimeza swali pamoja na ule mfupa laini wa mwisho. Sasa hakuwa na hakika, na kukosa hakika huko ndiko kulikomtia kinyaa zaidi.

Lakini namba za vyeti vya kuzaliwa hakumpa. Hakuwa nazo. Zilikaa kwenye kabati moja tu pale shuleni.

Mwalimu Mkuu, Mzee Ouma, alikuwa mezani akila njugu za kuchemsha na kutupa maganda juu ya faili la kidato cha nne. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Lornah alimheshimu. Ndiye aliyemwajiri akiwa hana hata viatu vya maana, akamwambia, "Mwanangu, hapa utafanya kazi."

"Mzee, nani ametoa namba za vyeti vya kuzaliwa?"

"Funga mlango, madam."

Akafunga. Mzee akachukua kibanio cha karatasi, akakinyoosha, akaanza kuchokonoa meno.

"Hao watoto wa C na D wangekwenda wapi?" akasema. "Wengi wangekaa nyumbani wakizaa. Mimi nimewatafutia mahali. Kwa kila kichwa chuo kinatoa kitu kidogo kwa shule. Pesa hizo zimenunua tangi la maji."

"Tangi lipi, Mzee?"

"Linakuja."

"Ajwang anataka uuguzi. Amefikisha alama. Chuo cha serikali kina mkopo na ruzuku, nimempigia hesabu mimi mwenyewe."

"Mama yake anapima omena kwa kopo la gorogoro, wewe unamwambia habari za uuguzi." Akatazama kilichonasa kwenye ncha ya kibanio, akakipangusa kwenye ukingo wa meza. "Na usijifanye mtakatifu hapa, madam. Hata wewe ulikula samaki."

Lornah alitoka mpaka kwenye bomba nyuma ya maabara, akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena, kana kwamba chakula cha miezi miwili iliyopita kingali katikati ya meno. Kichwa. Ndivyo wanavyohesabiwa ng'ombe mnadani, alijiambia. Na dalali hapewi mwavuli bure.

Alipotulia alimwendea Mbarak, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache, akamweleza yote bila kuficha bahasha. Mbarak alisikiliza hadi mwisho.

"Kesho nitakaa na watoto kwenye kompyuta," akasema. "Wewe kaitafute hiyo simu."

*

Asubuhi iliyofuata, saa mbili na nusu, Lornah alikuwa amesimama mbele ya Chuo cha Nyota ya Nam. Alikuwa amewasifia wanafunzi chuo hiki miaka mitatu mfululizo akiwa na karatasi yao ya matangazo mkononi, karatasi yenye picha ya jengo la vioo, nyasi zilizokatwa na wasichana wanaocheka chini ya miti. Hakuwahi kufika. Jengo aliloliona lilikuwa la ghorofa tatu nyuma ya stendi ya magari, chini yake bucha ya matumbo. Maji ya kuoshea matumbo yalitambaa mlangoni, ya kijani, na ili kuipanda ngazi ilibidi mtu aruke.

"Lile jengo la kwenye picha liko wapi?" akamuuliza bawabu.

"Ile ni picha tu, madam."

Griffins hakuwa amefika. Kwenye ngazi, msichana mmoja mwembamba mwenye koti la maabara lililopauka akasimama ghafla.

"Madam Lornah?"

Ilimchukua muda kumtambua. Alikuwa Dolphine, aliyemaliza shuleni kwao miaka miwili nyuma, msichana aliyekuwa na mashavu na kicheko cha kusikika hadi barabarani. Mashavu hayakuwepo.

"Unasomea hapa?"

"Uuguzi," Dolphine akasema, na namna alivyolitamka neno hilo ilikuwa kama mtu anayetaja ugonjwa.

Akampeleka kuona. Maabara ya uuguzi ilikuwa chumba chenye kitanda kimoja na mwanasesere wa plastiki asiye na mkono wa kulia, kwa hiyo kila mwanafunzi alijifunza kudunga sindano upande wa kushoto tu. Kwenye kona palikuwa na jiko la mafuta ya taa. Mkufunzi alikuwa akipikia hapo, na mvuke wa kabichi ulikuwa umelainisha mabango ya mwili wa binadamu mpaka yakajikunja.

Hosteli ilikuwa mtaa wa Migosi, mwendo kidogo kutoka hapo, nyumba ya kupanga ya vyumba vinne. Katika kila chumba wasichana kumi walilala kwenye vitanda viwili vya ghorofa, wawili wawili na wengine chini. Choo kilikuwa kimoja kwa wote arobaini. Kilikuwa kimejaa tangu Krismasi, na wasichana walikuwa wamepanga matofali sakafuni ili wapite juu yake. Lornah aliuona mlango ukifunguliwa, akaona matofali na kilichokuwa kati ya matofali, akageuka upesi akashika ukuta. Bayolojia yake yote haikumsaidia. Alitapika chai ya asubuhi kwenye mtaro huku Dolphine akimshikia mkoba.

"Utazoea," Dolphine akasema. Hakuwa akimkejeli.

Kwenye chumba chao kitanda kimoja kilikuwa mbao tupu. "Huyu hajamaliza karo," akaeleza. "Usipomaliza wanachukua godoro."

"Karo si elfu kumi na tano kwa muhula? Ndivyo nilivyoambiwa."

"Hiyo ni ya kuingilia mlangoni, madam. Halafu kuna usajili, kuna maabara, kuna kitambulisho, kuna mtihani wa ndani. Gauni la kuhitimu nililipia mwaka wa kwanza. Na mtihani wenyewe wa taifa siwezi kuufanya, kwa sababu chuo hakijaruhusiwa kufundisha uuguzi. Tuligundua mwaka jana. Mama yangu sijamwambia. Aliuza ng'ombe."

"Mbona hukuja kuniambia mimi?"

Dolphine alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Madam, wewe ndiwe uliyenileta. Nilidhani unajua."

Walirudi mjini.

*

Griffins alifika saa tano, na manukato yake yakashindana na matumbo ya chini yakashindwa. Sebule ya mapokezi ilikuwa imejaa wazazi na watoto wao, kwa sababu lilikuwa juma la mavuno. Alipomwona Lornah alifungua mikono.

"Madam wangu! Umeniletea wageni?"

"Umefunga watoto wangu thelathini na mmoja. Nataka uwafungue."

Akacheka, akampigapiga begani, akasema kwa sauti ya chini kwamba mambo hayo huzungumzwa juu ya chakula, na kwamba mwaka huu bahasha ya walimu imenenepa. Mkono wake ulikuwa na unyevunyevu. Lornah aliusikia begani kupitia blauzi, akasogea nyuma hatua moja.

Alikuwa amepanga kupiga kelele. Njiani kutoka Migosi alikuwa ameyachagua na matusi. Lakini alipowatazama wale wazazi kwenye mabenchi, wengine na mifuko ya nailoni yenye vyeti, akafanya kile alichokijua. Alimgeukia mama aliyekuwa karibu, mwanamke wa hijabu ya buluu aliyekaa na binti yake, na kumuuliza jina.

"Zeituni. Na huyu ni Amirah. Amechagua uuguzi."

"Mama Amirah, mimi ni mwalimu. Umeuliza mtihani wa uuguzi hapa unasimamiwa na nani?"

"Si wao wenyewe?"

"Hapana. Kozi ya uuguzi lazima iwe imekubaliwa na baraza la wauguzi. Mwambie akuonyeshe barua. Usikubali nakala, omba ile yenye mhuri. Ukimaliza hapo omba karatasi ya karo yote, ya miaka yote mitatu, iliyotiwa sahihi, pamoja na ya gauni. Halafu mwambie akupeleke ukaone atakapolala mtoto. Leo hii, kabla hujatoa shilingi."

Aliyasema kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho. Mzee mmoja wa gambuti akasogeza kiti chake mbele. Lornah akaendelea: jinsi ya kuomba nafasi ya chuo cha serikali, lini mlango unafungwa, mkopo unaombwa vipi na nani anastahili ruzuku, kwa nini mtu asimpe yeyote namba ya cheti cha kuzaliwa, hata mwalimu wake. "Hasa mwalimu wake," akaongeza. Kijana mmoja aliuliza kama ni kweli ukiwa na D huwezi kusoma popote, akamjibu kwamba zipo kozi za ufundi za serikali, umeme, bomba, ushonaji, na akamwambia zinavyoombwa. Watu wakaanza kuandika.

"Madam, unaniharibia kazi!" Griffins akafoka.

Zeituni akasimama, akauvuta mkoba wake kwapani. "Bwana, nionyeshe hosteli."

"Hosteli ziko kwenye ukarabati, mama."

"Basi nionyeshe barua."

Barua haikuwepo. Zeituni akamshika Amirah mkono, wakashuka. Mzee wa gambuti akafuata, na baada yake wengine, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na waliokuwa wakipanda wakauliza kuna nini, wakaambiwa papo hapo kwenye ngazi. Dolphine alikuwa amesimama mlangoni. Aliyetaka kujua habari za choo alielekezwa kwake.

Saa saba kasoro robo Griffins alimvuta Lornah hadi ofisini.

"Unataka nini uende?"

"Simu yako."

Ilikuwa simu ya pili, ya kazi, ile ya 418, yenye kioo kilichopasuka na mafuta ya mikono yaliyoganda pembeni. Lornah aliishika kwa leso. Akampigia Mbarak, na kazi ikaanza. Kule Katito mtoto aliketi, akaomba kufunguliwa, tarakimu sita zikaingia kwenye simu ile, Lornah akazisoma, mtoto akaingia, akaweka paswadi mpya na namba yake mwenyewe, akafuta kilichojazwa, akachagua. Wa kwanza alikuwa Ajwang. Alisikika kwa mbali akisema, "Imeingia, imeingia," kisha akanyamaza kwa sababu wengine walikuwa wanasubiri.

Katikati ya tarakimu, meseji nyingine nazo ziliingia, na Lornah akazisoma. Zilitoka kwa walimu wakuu. Baadhi aliwafahamu, mmoja alikuwa shemasi. *Nimetuma 44, bado 20.* *Wangu 17, wasichana watupu.* *Mbona vichwa 9 hujalipa?* Hapakuwa na jina la mtoto hata mmoja. Alipiga picha kila ujumbe kwa simu yake mwenyewe, na Griffins, aliyekuwa akitazama dirishani, hakugeuka.

Walimaliza saa kumi na moja. Watoto ishirini na saba walikuwa wamefunguliwa. Wanne hawakupatikana, simu zao zilikuwa zimezimwa, au hazikuwa zao tena.

*

Ijumaa iliyofuata palikuwa na mkutano wa wazazi. Mzee Ouma alivaa tai. Alisema kwamba mwaka huu shule yake imeweka historia, kwamba kila mtoto aliyemaliza ameombewa nafasi chuoni, na kwamba shukrani zimwendee Madam Lornah, ambaye alimwomba asimame apigiwe makofi.

Lornah akasimama. Makofi yakapigwa. Aliyaacha yaishe yenyewe, kisha akawaeleza: namba za vyeti, malipo kwa kila kichwa, orodha aliyoitoa kwa mkono wake mwenyewe, elfu tatu alizozila, miaka mitatu ya kukisifia chuo ambacho hakuwahi kufika. Alisema pia habari za Dolphine, bila kumtaja jina. Mzee Ouma alisema, "Madam hajisikii vizuri," lakini hakuna aliyemtazama.

Mama Ajwang, mwanamke mfupi mwenye kanga mbili, alisimama nyuma.

"Nakushukuru kwa mtoto wangu," akasema. "Lakini samaki akioza, mwenye kuuza ndiye wa kwanza kusikia harufu. Wewe ulichelewa kusikia, mwalimu. Miaka mitatu."

"Ni kweli, mama."

"Basi." Akaketi.

Zile picha Lornah alizipeleka kwenye ofisi ya elimu, akaandika taarifa kurasa nne, akapewa namba ya faili. Mwezi wa sita Mzee Ouma alihamishwa. Shule aliyopelekwa ni kubwa kuliko yao, ina wanafunzi mia tisa. Nyota ya Nam walishusha bango lao, wakalipandisha mtaa wa pili likiwa na jina jingine na picha ileile ya nyasi. Lornah aliliona kutoka barabarani. Ajwang aliitwa kusomea uuguzi. Kati ya wale wanne, wawili walikwenda Nyota ya Nam kwa sababu barua zilikuja na majina yao na mama zao walifurahi.

Dolphine alitoka chuoni mikono mitupu. Lornah alimsaidia kuomba upya, cheti cha lishe katika chuo cha serikali, na kwa miezi kadhaa msichana hakujibu meseji zake ila kwa neno moja moja. Muhula wa tatu Lornah alimwomba aje azungumze na kidato cha nne kabla ya mtihani, awaambie mwenyewe maisha ya chuo yalivyo na anachopaswa mtu kuuliza kabla ya kwenda.

"Nitakuja," Dolphine akasema. "Lakini madam, nikiongea usikae humo ndani."

Kwa hiyo siku ile Lornah alisimama nje, juani, upande wa ukuta usio na dirisha. Alisikia sauti ya Dolphine bila kuyapata maneno. Alisikia darasa likicheka, kisha likinyamaza ghafla, kisha kiti kimoja kikisogezwa. Ilichukua karibu saa nzima. Dolphine alipotoka alimuaga, "Kwaheri, madam," akapita kuelekea lango bila kupunguza mwendo.

Lornah akaingia. Wanafunzi walikuwa wameshapanga mstari mbele ya meza yake, kila mmoja na karatasi ya maswali, na wa kwanza akaanza kuuliza kabla yeye hajaketi.